Kihisi cha kifuani: silikoni, filamu au parilini?

Sakina_Saketi: Wakuu, kihisi cha mapigo ya moyo, bodi ya saketi ya sm 3 kwa 2, kitakaa kifuani siku tano kwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Jasho, mvua ya msituni, baridi ya juu. Tukizibe kwa kitu gani hapa Arusha bila mashine ghali?

FundiMoshi: Parilini, ile plastiki nyembamba ya kukinga saketi, iweke pembeni. Mikroni chache tu zinakinga vizuri mno, ila hupakwa kwa mvuke ndani ya chemba ya ombwe. Chukua silikoni ya sehemu mbili inayogandishwa na platinamu, aina ya 10 kwa 1: gramu 10 za msingi, gramu 1 ya kigandishi, kwa mizani, si kwa macho. Iache saa 48 kwenye nyuzijoto 25. Baridi ya Julai itachelewesha, lakini usiitie kwenye oveni betri ikiwa ndani. Kabla ya kumimina, sugua bodi kwa brashi na spiriti ya isopropili mpaka flaksi, ile kemikali ya kusaidia solda kushika, iishe. Silikoni huzuia maji, mvuke unapita. Mvuke huo ukikuta mabaki ya flaksi, shaba inaota ukijani bila hata tone kuingia.

Njiro77: Glovu ziwe za naitraili. Salfa ya glovu za mpira wa asili inaua platinamu, silikoni inabaki inanata. Silikoni ya bafuni yenye harufu ya siki isiguse saketi kabisa, asidi yake inakula shaba.

Sakina_Saketi: Filamu ya poliurethani, ile plasta nyembamba ya plastiki, peke yake je?

Njiro77: Haitoshi kulinda bodi, ila kwa ngozi ndiyo bora, maana mvuke wa jasho unapita na ngozi hailowi ikawa nyeupe. Ipite kihisi sm 2 kila upande, kona uzikate mviringo. Kona kali ndiyo hubanduka kwanza. Gundi ya akriliki haishiki silikoni, kwa hiyo kinachobeba kihisi ni ule ukingo ulio juu ya ngozi.

FundiMoshi: Viputo, mkuu, viangalie sana. Kileleni, mita 5,895, kanieneo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani. Hewa iliyobaki chini ya chipu inatanuka, inainua silikoni. Mkishuka inasinyaa na kuvuta jasho ndani. Jaza chini ya betri kwa sindano kwanza, kisha mimina polepole kutoka kona moja. Elektrodi, zile sehemu zinazogusa ngozi, ziache wazi, ziba pale waya unapotokea, maji hufuata waya. Halafu kizamishe saa 24 kwenye lita 1 ya maji yenye chumvi gramu 9, joto la mwili. Ukinzani wa umeme kati ya njia mbili za shaba ukishuka, unyevu umeingia, usimvalishe mtu.