Kasuku ukumbini na kikohozi cha jioni

Kijana wa Malindi: Assalamu alaykum. Kasuku wetu wa kijivu yuko ukumbini, nyumba ya Mji Mkongwe isiyopitisha upepo. Bi mkubwa hufagia tundu kila Ijumaa asubuhi. Ikifika alasiri kifua kinambana, anakohoa kikavu, usiku homa. Kesho yake mzima. Kinyesi cha ndege kinahusika? Na tundu lisafishweje?

Mfuga Njiwa, Wete: Wa alaykum salaam. Kinahusika, tena huo mwendo wa saa ndio dalili yenyewe. Vumbi la kinyesi kikavu na la manyoya lina protini zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Kinga ya mwili ikishazikataa, kifua huanza kubana saa 4 hadi 8 baada ya kuvuta vumbi. Kwa kuwa hupoa upesi, watu husema mafua. Ikijirudia kwa miaka, mapafu hupata makovu yasiyoondoka. Bi mkubwa asiliguse tena tundu hilo mpaka aonwe na daktari wa kifua.

Bi Chake: Kosa kubwa ni kufagia makavu. Mtoe kasuku chumba kingine, tundu lipeleke uani. Lirashie maji kwa chupa ya kupulizia mpaka gazeti la chini lilowe, likunje kwa ndani, tia mfukoni, funga. Sugua nyaya na kijiti anachotulia kwa maji moto na sabuni, maana jiki haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Ndipo utie jiki: vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji, iache dakika 10, suuza sana, anika juani mpaka harufu iishe. Usiichanganye na siki wala dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu. Vaa glavu na barakoa ya N95. Ile ya buluu huacha mianya mashavuni. Gazeti libadilishwe kila siku, kwani kinyesi kikikaa wiki ndipo kinapogeuka unga. Na tafadhali, chetezo cha udi kisikaribie tundu, moshi humdhuru ndege haraka kuliko mtu.

Mfuga Njiwa, Wete: Jambo jingine: mwambieni daktari kuwa nyumbani kuna kasuku. Kuna nimonia inayoletwa na bakteria wa kasuku na njiwa, psitakosisi, inayoanza siku 5 hadi 14 baada ya kuambukizwa, kwa homa kali na kichwa kuuma. Ndege anaweza kuibeba bila kuonekana mgonjwa. Hutibiwa kwa doksisiklini, amoksilini haiwezi. Msinunue dawa dukani kwa kukisia.

Kijana wa Malindi: Ahsanteni sana. Nikilihamishia tundu barazani moja kwa moja, yatosha?

Bi Chake: Vumbi litapungua, lakini kwa aliyekwisha kuathirika huenda lisitoshe. Kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe wa manyoya hata tundu likiwa safi, na protini zake hubaki miezi kwenye mazulia na mapazia. Fueni hivyo vyote, kuta na sakafu zipanguswe kwa kitambaa kibichi, na bi mkubwa asiwepo siku hiyo. Akiendelea kubanwa, kasuku apewe mtu mwingine.