Naomba ushauri: niweke prosesa ya i7 kwenye desktopu yangu ya zamani au niiache ilivyo?

Kamera ya Mbagala
Wakuu habari za jioni. Siku ya tatu hii usingizi haueleweki. Nina desktopu, Dell OptiPlex 7010, niliichukua ya mtumba 2019. Kazi yangu ni video za harusi na kipaimara. Zamani ilinipa heshima mtaani. Sasa hivi nikiiachia video ya saa moja kwenye Premiere, ile programu ya kuhariri video, naenda kula, naoga, narudi, iko asilimia 30. Mteja wa Chamazi kanipigia mara nne leo, harusi ina wiki tatu tangu ipite. Ndani kuna prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5, nafikiria kuweka i7. Ninunue au nisinunue? Nawasilisha.

Kishoka Mstaafu
Nunua laptopu. Desktopu waachie benki.

Mama Twaha
Kwanza mpe mwenzio video yake! Wiki tatu? Mimi mpiga video wangu alikaa nayo miezi minane, akaniletea flashi yenye nusu ya sherehe, keki haimo kabisa. Keki ya laki nne. Mpaka leo yule kaka akiniona Temeke anajifanya anaongea na simu.

Fundi Nyamaza
Mkuu, i5 ipi? RAM (kumbukumbu ya kazi) ngapi? Diski ni SSD, ile ya kasi isiyozunguka, au ile ya kuzunguka? Bila hayo tunapiga ramli.

Kamera ya Mbagala
i5-3470, RAM 8. Mengine sidhani kama yanahusu, mimi nauliza prosesa.

Fundi Nyamaza
Ndiyo hasa yanayohusu. Fungua mradi wa harusi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uniambie diski inasoma asilimia ngapi.

Bei ya Kutupa
Nina i7 kali sana, njoo inboksi tuyajenge.

Kamera ya Mbagala
Diski 100 muda wote. Ni ya kuzunguka, GB 500, ilikuja na mashine yenyewe. Ila ni nzima, asubuhi tu ndiyo inalialia kidogo.

Fundi Nyamaza
"Inalialia kidogo." Kiongozi, hiyo diski inaaga. Nakili harusi ya watu usiku huu kabla hujafanya kingine chochote.

Halafu sikiliza. Mashine yako inakwama kwa sababu prosesa inakaa inasubiri diski iilete video. Hata uweke i7 itasubiri foleni ileile, kama basi jipya pale Mbagala Rangi Tatu saa 12 asubuhi. Weka SSD, ongeza RAM ifike GB 16, ya aina ya DDR3, mtumba zipo tele Kariakoo. Ukifungua, toa feni ya prosesa, futa ile pasta ya kupozea, paka mpya. Nyingi ninazofungua pasta imekauka kama chaki, na katikati ya mapezi vumbi limeshikana kama blanketi. Kwa joto la Dar prosesa ikichemka inajipunguza mwendo yenyewe, we unadhani imezeeka.

Babu Pentium
Nyie mna raha. Mimi nilikuwa na kafe ya intaneti Magomeni, Pentium 4 sita, feni zinavuma kama mashine ya kusaga. Umeme ukikatika, wateja wote wanaapa walikuwa wamebakiza dakika 20. Siku moja ukarudi kwa kishindo, pawa saplai tatu zikaenda pamoja. Kijana, una UPS lakini, lile betri la kushikilia umeme ukikatika?

Msomi wa Tandika
Hata ukiweka i7 hapo, Windows 11 rasmi hupati, inataka Intel kizazi cha nane na kuendelea. Na Windows 10 Microsoft walishaiacha tangu 14 Oktoba 2025. Ila hizo hela weka kiwanja.

Kamera ya Mbagala
Nashukuru wote. Lakini SSD hairendi video, yaani haiitoi ikiwa faili kamili, tusidanganyane. Kazi ya kurenda ni ya prosesa. i5 yangu ina nyuzi (njia za kufanyia kazi kwa pamoja) 4, i7 ina 8. Nimeshapiga hesabu zangu.

Fundi Nyamaza
Kwenye kurenda hujakosea. i7-3770 inaingia hapohapo na utaona tofauti. Ninachosema ni nini kianze. Wewe ulikuwa unaangalia 3770, siyo?

Mzee wa Tangawizi
Wakuu, mimi nanusa chai hapa. Huyu huyu mwezi wa tatu alileta uzi kwamba kauza kamera na kompyuta, anakwenda Ifakara kulima mpunga. Leo ana harusi ya Chamazi. Na bwana Bei ya Kutupa katokea ghafla na i7 mkononi. Mtu mmoja, akaunti mbili, anatafuta soko.

Kishoka Mstaafu
Duh. Uzi bila picha.

Mama Twaha
Na mimi nilishaanza kumuonea huruma!

Bei ya Kutupa
Mimi simjui huyo jamaa. Nina duka na nina watoto.

Kamera ya Mbagala
Mpunga ulikufa maji, nikarudi. Kompyuta sikuiuza, mteja alikimbia bila kutoa hela ya kishika nafasi, tukakosana. Mnataka picha, hizi hapa mbili. Mashine iko wazi mezani, na huyo aliyekauka kwenye pawa saplai ni mjusi.

Msomi wa Tandika
Pole kwa mjusi. Ila picha ya pili, hiyo prosesa kwenye kipande cha gazeti ni nini?

Fundi Nyamaza
Nimeikuza. Imeandikwa i7-4790. Mkuu, kumbe ULISHANUNUA.

Kamera ya Mbagala
Juzi. Nilitaka tu mnithibitishie. Muuzaji kasema 4 ni toleo la mbele ya 3, kwa hiyo ndiyo nzuri zaidi, na nisingeiwahi ingeondoka. Laki na nusu siyo mbaya.

Fundi Nyamaza
Ni nzuri, ila siyo ya nyumba hiyo. 4790 inakaa soketi (kikalio cha prosesa) ya 1150, ubao wako ni 1155. Hata yale mapengo ya pembeni hayalingani. USIISUKUME. Rudisha dukani kesho asubuhi, mwambie akupe 3770 na chenji.

Mzee wa Tangawizi
Nafuta kauli. Hakuna anayetunga uongo wa kujiumbua hivi.

Kamera ya Mbagala
Fundi, na kama mtu alishaisukuma kidogo? Vipini viwili hivi vimelala upande. Sindano ya kushonea inafaa?

Fundi Nyamaza
Usiguse. Nipo Rangi Tatu, njoo nayo kesho baada ya adhuhuri, funika soketi kwa kile kifuniko chake cha plastiki kama unacho. Diski ije pia.

Mama Twaha
Na ya Chamazi muianze hiyo kwanza.