Fomu ya ukarabati imerudi tena, na ninunue kompresa gani na bunduki ya misumari?

Mama Pacha, Jumanne saa 2:10 usiku

Ndugu zangu, habari za jioni.

Fomu yangu ya ukarabati imerudi kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ofisi ya nyumba walisema haina mchoro. Nikachora kwa rula, nikapeleka mwenyewe hadi kaunta. Leo natoka kazini nakuta bahasha chini ya mlango, fomu ileile, kipengele cha 7 kimezungushiwa wino mwekundu: kiwango cha kelele cha vifaa, dB. Nikapiga simu, nikasikilizishwa muziki dakika arobaini, kisha aliyepokea akaniambia kila kitu kimo kwenye maelekezo. Maelekezo ninayo hapa mezani. Kipengele cha 7 hakijaelezwa hata kwa mstari mmoja.

Sasa nitajazaje kelele ya kifaa ambacho hata sijakinunua?

Kazi yenyewe ni sketingi (mbao za chini ya kuta) vyumba vitatu, mapambo ya fremu za milango miwili na rafu ya vitabu ya plaiwudi. Nilianza kwa nyundo chumba cha wanangu, nimeacha alama za kichwa cha nyundo kwenye mbao mpya, roho iliniuma. Nataka seti ya bei nafuu, kompresa ndogo ya kubana hewa na bunduki moja au mbili za kupigia misumari kwa hewa hiyo. Maswali yangu ni mawili: ninunue ipi, na kipengele cha 7 niandike namba gani? Mwisho wa kurudisha ni Ijumaa.

Binti Randa, Jumanne saa 3:05 usiku

Pole sana dada. Kwangu kilikuwa kipengele cha 9, fomu ya zamani, nacho kilinirudisha mara mbili.

Usianze na kompresa. Anza na msumari, halafu bunduki, kompresa itafuata yenyewe. Geji, yaani unene wa msumari, inahesabiwa kinyume: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Geji 18 ni kama milimita 1.2, geji 16 ni 1.6, geji 15 ni 1.8. Geji 23 ni kama sindano, haina kichwa, hiyo inashikilia kitu wakati gundi inakauka tu. Kwa kazi uliyotaja, geji 18 itafanya karibu yote. Tundu lake dogo, unaziba kwa kidole na puti kidogo, na haipasui ncha za ubao kama zile nene.

Urefu wa msumari piga hesabu. Sketingi ikiwa milimita 15 na gipsamu nyuma yake 12.5, msumari wa milimita 50 unabakiza 22 tu ndani ya nguzo ya mbao. Ukinunua wa 32 kwa sababu ni rahisi, unabakiza 4 na kitu. Sketingi itakaa mpaka mtoto wa kwanza aipige teke. Kwa hiyo hakikisha bunduki inafika 50, kuna za bei ya chini zinazoishia 32. Na kama ukuta wako ni zege au tofali, sahau kabisa, msumari wa geji 18 utajikunja kama uzi. Hapo ni gundi, au skrubu na plagi.

Kompresa ya tangi bapa la lita 22 au 23 inakutosha.

Mzee wa Gereji, Jumanne saa 4:40 usiku

Binti Randa, lita 23 ni tangi la kujazia mpira wa baiskeli. Nimeshika kompresa miaka 31. Mama Pacha, mwanangu, nunua lita 50 uondokane na kununua mara mbili. Na tazama HP, nguvu ya mota, isiwe chini ya 2.

Binti Randa, Jumatano saa 12:20 asubuhi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, HP iliyobandikwa kwenye tangi haimwambii mnunuzi kitu. Namba ya kutazama ni CFM kwenye 90 PSI (kipimo cha presha), yaani upepo unaotoka kwa dakika presha ikiwa palepale unapofanyia kazi. Ziko zinazoandika CFM ya 40 PSI kwa herufi kubwa kwa kuwa inapendeza. Tangi la lita 23 likijaa hadi 150 PSI, ukishuka hadi 90 umetumia karibu lita 94 za hewa ya kawaida kabla hata mota haijasaidia. Bunduki ya geji 18 inakunywa kidogo sana. Gereji ni spana ya upepo, ni kupuliza rangi, hizo zinakunywa bila kupumzika, ndiyo maana lita 50 imekuzoea. Dada yetu anapiga msumari, anasogea hatua, anapima, anapiga mwingine. Tena yuko ghorofani. Bapa ina kilo 13 au 14, anaibeba kwa mkono mmoja. Hiyo ya lita 50 nani atampandishia?

Zipo seti zinazouzwa pamoja: kompresa bapa, bunduki ya geji 18, ya geji 16 na stepla. Ikiwa tofauti ya bei na seti ya bunduki moja ni ndogo, chukua hiyo. Geji 16 itakufaa kwenye fremu za milango, na stepla kwenye mgongo wa rafu. Usivutwe na zile zinazojisifu kuwa na vipande thelathini. Vipande ishirini na tano humo ni vichwa vya kujazia mipira.

Mzee wa Gereji, Jumatano saa 1:15 asubuhi

Marahaba. Sawa, kwa misumari midogo nakubali. Lakini aangalie viungio. Kuna vya maumbo mengi na kwa macho vinafanana. Ukichanganya, kinaingia vizuri kisha kinavuja usiku kucha, mota inajiwasha peke yake saa tisa. Anunue vyote vya umbo moja, azungushie thredi ule utepe mweupe wa mafundi bomba, kisha apake povu la sabuni aone kama linatoa mapovu.

Na asitumie waya mrefu mwembamba wa kuongezea umeme. Volti inashuka njiani, mota inahema, inachemka. Mpira wa hewa ndio urefushwe, waya wa umeme uwe mfupi.

Zamu ya Usiku, Jumatano saa 8:30 mchana

Naomba niseme kama mtu anayelala mchana. Jirani yangu wa juu ana bapa isiyotumia mafuta. Ikiwaka, glasi zangu zinatetemeka kabatini. Mama Pacha, kipengele cha 7 kimewekwa kwa ajili yetu sisi, usikichukie.

Za bapa nyingi ziko 75 hadi 85 dB. Zipo za kimya, 60 hivi, na siri yake ni mota inayozunguka polepole, karibu nusu ya mwendo wa hizo nyingine. Kila 10 dB ikiongezeka, sikio linasikia kama kelele imejirudia mara mbili. Kwa hiyo 80 na 60 si tofauti ndogo. Bei iko juu kidogo, lakini kwa mtu wa ghorofani ningesema ndiyo nafuu halisi. Weka na mkeka mzito wa mpira chini yake, maana mtetemo ndio unaopita sakafuni.

Kaka Msafiri, Jumatano saa 11:00 jioni

Kwa nini mnamchosha? Anunue ya betri. Haina kompresa, haina mpira wa hewa, haina kipengele cha 7.

Binti Randa, Jumatano saa 1:45 usiku

Kaka, ya betri inalia pia kila ikipiga, na hata ya upepo mlio wa bunduki yenyewe unaizidi kompresa ya kimya. Ofisi wameandika "vifaa", hawakuandika kompresa. Na ya betri ni nzito, mkono unachoka kwenye fremu ya juu. Ukitaka bunduki ya pili unalipa tena mota nzima ndani yake, wakati ya upepo ni pistoni na oringi (mipira ya duara ya kuzuia hewa) tu, ndiyo maana bei yake iko chini. Kwa chumba kimoja ningekubaliana nawe. Kwa vitatu na rafu, hapana.

Zamu ya Usiku, Alhamisi saa 2:00 asubuhi

Narekebisha nilichoandika jana. Kuna dB mbili na msizichanganye. LwA ni nguvu ya kelele inayotoka kwenye mashine yenyewe. LpA ni kelele inayofika sikioni kwa umbali fulani. Mashine ileile inaweza kuandikwa LwA 97 na LpA 77, na zote ni kweli, hiyo 77 imepimwa mita 4 mahali pa wazi. Namba nilizotoa jana ni LpA.

Mzee wa Gereji, Alhamisi saa 2:35 asubuhi

Kwa hiyo jana ulimpotosha.

Zamu ya Usiku, Alhamisi saa 2:41 asubuhi

Mzee, sikumpotosha. Nilitaja dB kama zinavyotajwa madukani. Ndiyo sababu nimerudi kufafanua.

Kaka Msafiri, Alhamisi saa 7:10 mchana

Kabla hajanunua afikirie pia kama ataipeleka nyumbani, nchini kwetu. Mimi nilituma kompresa ya volti 120, heti 60 (Hz, mizunguko ya umeme kwa sekunde). Kule tuna 230, heti 50. Nikaambiwa transfoma inatosha. Transfoma inashusha volti, haigusi heti. Mota ikawa inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, ikichemka kuliko kawaida, wiki ya pili ikaungua. Harufu ya koili iliyoungua haikutoka stoo mwezi mzima.

Na hapo nilikuwa nimeshalipa ushuru. Bandarini walikataa risiti yangu ya kitu kilichotumika, wakakadiria kama kipya. Kila mwaka tunaitwa mikutanoni tuwekeze nyumbani, tupeleke ujuzi na vifaa. Fundi kijana akitumiwa kompresa moja aanze maisha, inakaa bandarini mpaka gharama ya kuihifadhi inaipita bei yake. Hili linaniumiza kuliko ile mota.

Mzee wa Gereji, Alhamisi saa 9:20 alasiri

Umesema kweli tupu. Mimi niliacha kutuma kabisa, natuma fedha wanunue hukohuko.

Binti Randa, Alhamisi saa 12:30 jioni

Baba yangu hakuwahi kushika bunduki ya misumari. Alibana misumari midomoni, mitano au sita, anaisukuma nje kwa ulimi mmoja mmoja, kichwa kikitangulia. Pigo la kwanza dogo la kuusimamisha, kisha mawili mazito. Tukiwa ndani tulijua kazi imefika wapi kwa kusikia tu. Siku niliyonunua kompresa yangu nilimpigia simu nikampigia msumari mmoja asikie. Akauliza, "Umeisha?" Nikamwambia umeisha baba. Akanyamaza, kisha akasema mkono wangu utadumu kuliko wake.

Dada, kuhusu mkono. Chagua bunduki yenye triga ya hatua: unabonyeza mdomo kwenye ubao kwanza, ndipo unavuta triga, msumari mmoja kwa kila kuvuta. Ile ya kugonga, ambayo unashikilia triga na kila mdomo ukigusa kitu unapiga, iache kwa wanaopaua nyumba, nao inawaumiza. Mwongozo wa OSHA na NIOSH, taasisi za Marekani za usalama kazini, wa 2011 unasema triga ya kugonga inaongeza hatari ya kujeruhiwa mara mbili. Mkono mwingine uwe mbali, sentimita 30. Mimi niliuweka karibu, msumari ukakutana na fundo ndani ya mbao, ukapinda, ukatokea ubavuni ukaingia kidole cha kati. Msumari ukikwama, chomoa mpira wa hewa kabla hujagusa chochote. Miwani usiivue hata kwa msumari mmoja.

Anza na 90 PSI kwenye kipande cha kutupa. Kichwa kikizama mno shusha, kikibaki juu pandisha kidogo.

Mama Pacha, Alhamisi saa 3:15 usiku

Asanteni wote, Mungu awabariki. Binti Randa, umenikumbusha wangu, yeye alikuwa anabana penseli sikioni.

Nimeagiza leo: ya kimya, lita 20 na kitu, bunduki ya geji 18 inayofika milimita 50, triga ya hatua. Ya geji 16 nitaiongeza baadaye. Ukurasa wa kompresa una namba mbili, LwA na LpA, zimepishana sana. Ya bunduki sijaiona popote. Kesho ndiyo Ijumaa. Kipengele cha 7 niandike LwA au LpA? Na ni ya kompresa peke yake au na bunduki?

Mzee wa Gereji, Alhamisi saa 4:50 usiku

Hongera mwanangu, umechagua vizuri. Kila ukimaliza kazi fungua koki ya chini ya tangi umwage maji, hewa ikibanwa inaacha maji na tangi linaoza kutoka ndani usilione. Tone mbili za mafuta ya vifaa vya upepo kwenye kiungio cha bunduki asubuhi, mafuta ya injini usitie, yanakula oringi.

Kaka Msafiri, Ijumaa saa 1:05 asubuhi

Mzee, hilo la kutuma fedha hukohuko, je, vya huko unapata vya kudumu? Mdogo wangu anataka kufungua karakana na bado sijaamua.