Mlisema mnakuja wawili na mtoto mdogo, kumbe mtoto ana mkia!

Wakuu, salaam. Nimeumeza huu ujinga wiki tatu nzima na leo umenikaba kooni. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kushoto.

Nina kinyumba huku Kigamboni, upande wa Mjimwema. Vyumba viwili, kibaraza, uwanja wa mchanga na miembe miwili. Sio villa, msije mkaniomba bwawa la kuogelea. Nakipangisha kwa siku kwa watu wa mjini wanaovuka na pantoni au darajani Ijumaa jioni, wanalala, Jumapili wanarudi kwao. Sh 150,000 kwa usiku mmoja. Hiyo ndiyo inayolipa ada za wanangu, kwa hiyo nikiongea kwa ukali mjue naongea na ada kichwani.

Siku hiyo naletewa ujumbe: "Habari anti, tunakuja wawili na mtoto mdogo." Mimi na uzazi wangu nikajua hawa wana kichanga. Nikaenda kwa jirani kuazima kitanda cha mtoto, kile cha mbao chenye kingo pembeni. Nikafua neti. Nikatandika kashuka kana picha za tembo. Nikanunua na beseni jipya la kuogea mtoto, rangi ya waridi.

Wakaingia saa 3 usiku na Harrier nyeusi, vioo giza tupu, ikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mlinzi wangu mtu mzima, hakuona kitu. Akasalimia, akafunga geti, akarudi kwenye redio yake.

Jumamosi mchana jirani ananipigia: "Mama, nyumbani kwako kuna mtu anaumwa? Kuna sauti inalia." Nikampigia mlinzi. Kwenda kusikiliza dirishani, ni mbwa. Jibwa kubwa la manyoya marefu ya rangi ya asali, limefungiwa chumbani na kiyoyozi, wenyewe wako baharini wanapiga picha. LUKU niliyowawekea, ambayo mgeni wa kawaida inamtosha wikiendi nzima, ikakata saa 7 mchana kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kinanguruma tangu usiku kwa nyuzi 16. Sasa fikirieni. Februari, Dar es Salaam, madirisha yamefungwa, umeme hakuna. Mbwa hana jasho la kumpoza kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na chumba kikishajaa joto na unyevu wa pwani hata kuhema hakumsaidii. Kiumbe akaanza kuchimba mlango. Mlango wa mninga, wakuu. Mninga! Nilichonga kabla bei haijapanda, na leo una mifereji kama shamba la viazi.

Hapa nieleweke: simlaumu mbwa. Mimi mwenyewe nafuga mbwa koko wawili. Nchi hii tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na wa kwanza kushtakiwa ungekuwa wewe mwenye Harrier, sio mbwa wako.

Mlinzi akafungua kwa ufunguo wa akiba. Mbwa katoka kama risasi, kampitia, jino likamkwaruza mundi. Wenyewe waliporudi, cha kwanza mlinzi kuuliza ni kadi ya chanjo. Jibu: "Mzee usiogope, haumi huyo, ni mtoto." Kadi hakuna. Mzee wangu akakaa bombani dakika 15 anaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha tukaenda hospitali kuanza sindano, maana kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili hakuna daktari wa kukurudisha. Sindano za awamu. Nauli yangu, pesa yangu. Mwenye mtoto aliniambia "pole" na kidole gumba cha WhatsApp.

Sasa njooni Jumapili, maana hapo ndipo nilipochanika.

Mgeni anatoka saa 4 asubuhi. Mgeni mwingine anaingia saa 8 mchana. Katikati nina saa nne za kufanya nyumba ionekane haijawahi kulaliwa na mtu. Siku hiyo waliokuwa wanakuja ni familia kutoka Tanga: baba, mama, kichanga cha kweli cha miezi mitano, na bibi yao ambaye siku mbili kabla alinipigia mwenyewe kuniuliza sebuleni kibla kiko upande gani.

Dada anayenisafishia akanipigia saa 4 na robo. "Mama, njoo." Hakusema lingine.

Nimefika. Kitanda cha mtoto kimejaa manyoya. Walimlaza humo! Jibwa lile, kwenye kitanda cha kuazima, juu ya tembo zangu, na neti wamemfungia. Kingo moja imetafunwa. Beseni la waridi limetumika kumwogesha, nalo lina mchanga na shampuu. Jikoni chini kuna sahani zangu tatu za udongo, zile za maua, zimelambwa zinang'aa, kipande cha ini kimegandia pembeni.

Dada wa watu ni Mwislamu, kama walivyo wengi huku. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mama, mbwa simchukii, ila hivi vyombo sivipangi kabatini hivihivi." Kwa asiyejua: pwani hii wengi tunafuata Imam Shafi, na chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Akatoka nyuma ya nyumba, akachimba udongo safi chini ya mwembe, akakaa na ndoo zake. Nami nikakaa naye. Sahani ya kwanza, mara saba. Ya pili. Sufuria. Kijiko. Saa inakimbia, godoro halijaguswa, busati la sebuleni halijaguswa, na tunahesabu kama watoto wa chekechea. Tulipofika sufuria la pili alisimama akauliza, "Na busati mama? Amelala wapi na wapi?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nikasema wacha wanitukane humu lakini niseme: sio uchafu wenyewe ulioniuma, ni kutokujua. Ungeniambia una mbwa, ningekunja busati kabla hujaja. Ningetoa vyombo vya plastiki. Ningekupa chumba cha uani chenye sakafu ya saruji. Wewe umenificha, kwa hiyo umenifanya nisijue hata pa kuanzia kuosha.

Saa 8 familia ya Tanga ikafika. Nikafikiria kunyamaza, Mungu anisamehe. Nikamwangalia yule bibi na msala wake kwapani, nikashindwa. Nikasema kila kitu. Bibi akanishukuru kwa heshima zote, akakaa chini ya mwembe na mjukuu, mpaka nilipowapatia nafasi kwa jirani yangu mwingine, nikalipa mimi. Usiku wangu wawili ukaenda na maji.

Ikaisha? Wapi. Godoro lilikojolewa. Mimi kwa hasira nikamwagia jiki. Msifanye hivyo! Klorini ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma macho na kifua, nilikohoa mpaka jioni. Na harufu ikarudi, maana mkojo ukikauka unaacha chembechembe ambazo maji matupu hayaziyeyushi. Mvua ikinyesha, chumba kikiwa na unyevunyevu, harufu inaamka kama vile mbwa kapita jana. Kinachotakiwa ni sabuni maalumu yenye vimeng'enya. Nimekuja kujua baada ya kuua godoro.

Kisha wiki iliyopita ndiyo kali. Nyumba imekaa tupu, tumefagia, tumepiga deki, tumepulizia dawa. Wanaingia vijana wanne, usiku wa kwanza tu wananitumia picha za miguu: vifundo vyote vimevimba vipele. Viroboto. Nikamuuliza bwana mifugo, akanicheka. Kumbe kiroboto jike hutaga hata mayai 40 kwa siku, yanadondoka kutoka kwenye manyoya na kuingia kwenye mishono ya kochi na chini ya busati. Yanakua, yanajifungia ndani ya vifuko vyao ambavyo dawa haiingii, yanasubiri. Yakihisi joto na mtikisiko wa mtu anatembea, yanatoka kula. Maana yake nyumba tupu ndiyo inayowatunza, na mgeni mpya ndiye kengele ya chakula. Kwa nyumba inayolaza watu wapya kila wikiendi, hebu niambieni kuna hasara gani kubwa kuliko hiyo.

Nikawaandikia wenye Harrier kistaarabu, nikaweka gharama: mlango, godoro, kitanda cha jirani, hospitali. Jibu: "Anti, kwani tangazo lako limesema hakuna mbwa?"

Na hapo walinipata. Sitadanganya. Tangazo langu lilisema "Wanyama: tuulizane kwanza." Hawakuuliza, ila nami sikuandika la maana. Nikawakumbusha waliandika mtoto. "Kwetu yeye ni mtoto, hatukudanganya." Kisha wakaniachia nyota mbili na maoni: nyumba nzuri, mwenyeji hana ukarimu, umeme ulikatika. UMEME ULIKATIKA!

Wenye programu ya kupangishia nao wakanipa siku 14 tangu mgeni aondoke, nilete picha za kabla na baada na risiti za fundi. Fundi wangu wa mbao, jamani, anaandika hesabu kwenye kipande cha mbao chenyewe. Nikapiga picha mbao, nikawatumia. Wamelipa nusu ya godoro.

Basi nikaandika sheria mpya kwa hasira: HAKUNA MNYAMA YEYOTE. Wiki hiyohiyo wanakuja watu wa sherehe ya kuzaliwa na mbuzi kwenye buti la gari. Mlinzi anawazuia getini, jamaa anamjibu, "Mzee, huyu si mnyama wa kufuga, huyu ni kitoweo." Mbuzi kafungwa kwenye mpapai wangu, kala majani yote mpaka saa 10 alipoliwa yeye. Na mkitafakari, jamaa alikuwa na hoja.

Kwa hiyo nimefuta, nimekaa na daftari, na sasa tangazo linasomeka hivi kwa kirefu. Mbwa au paka anayekuja hai na kuondoka hai ni mgeni, anahesabiwa, anatajwa kabla ya kulipia: jina, kadi ya chanjo na tarehe. Mmoja tu. Analala chumba cha uani au kibarazani, haingii sebuleni wala kitandani. Anakuja na bakuli lake na tandiko lake. Akila kwenye chombo changu, umekinunua. Haachwi peke yake ndani hata dakika kumi, ukienda baharini nenda naye, kwa kamba. Usafi wake ni Sh 40,000 hairudi, na amana Sh 150,000 inarudi kesho yake nikishakagua. Nikimkuta ambaye hakutajwa, mnaondoka wote na pesa hairudi. Wa kitoweo achinjwe nyuma, ngozi na matumbo muondoke navyo. Na mbwa anayemwongoza asiyeona halipiwi kitu, yule si kipenzi, yale ni macho ya mtu. Naomba tu niambiwe mapema nikunje busati.

NYONGEZA saa 2 usiku: Naona mmoja hapo chini anasema nina roho mbaya, eti Ulaya mbwa wanalala hotelini. Mkuu, wanalala, na mara nyingi wanalipiwa, na hoteli nyingi huwezi kumwacha peke yake chumbani. Ukitaka Ulaya ichukue yote.

Anayesema niweke kamera ndani: hapana. Kumchungulia mgeni chumbani ni ushenzi mkubwa kuliko mbwa. Getini naweka, na nitaandika kwamba ipo.

Aliyeuliza mlinzi: mzee yuko salama, amemaliza sindano zake. Mbwa koko wangu wakimkimbilia siku hizi anawaambia "kadi?"

NYONGEZA nyingine: Jirani kanipigia anataka kitanda chake, bintiye anajifungua mwezi ujao. Nimemnunulia kipya. Kile cha zamani kiko stoo, kingo moja imetafunwa, manyoya bado yapo kwenye maungio. Mwenye mtoto wa aina ile aje PM, namuachia bure.