Gia za kemshafti zinazorekebishika kwenye 1JZ yenye tabo kubwa: zina thamani ya bei yake?

Mwenye Chaser (Dar es Salaam)

Habari zenu wakuu. Nina Toyota Chaser JZX90 ya mwaka 1994, injini 1JZ-GTE ya kizazi cha kwanza, ile isiyo na VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadili wenyewe wakati wa valvu). Mwaka jana niliondoa tabo zake mbili ndogo za kiwandani (vifaa vinavyozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini) nikafunga moja kubwa pamoja na manifoldi yake, nikabadilisha nozeli, pampu ya mafuta na intakula (kipoza hewa), na sasa kompyuta ya injini ni ya kupangwa upya. Kemshafti, yaani mihimili inayofungua valvu, ni zile zile ilizotoka nazo Japani. Presha ninayotumia ni baa 1.1.

Tatizo langu ni kwamba gari ni zito chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika, kisha tabo inaamka kwa mkupuo. Muuzaji mmoja wa vipuri amenihakikishia kwamba nikifunga gia za kemshafti zinazorekebishika, moja ya inteki (upande wa kuingiza hewa) na moja ya ekzosi (upande wa kutoa moshi), nitapata nguvu ya chini na ya juu kwa pamoja bila kugusa kitu kingine. Fedha ya jozi hiyo ninayo, lakini ndiyo hiyo hiyo niliyoitenga kwa ajili ya mkanda mpya wa taimingi na siku moja ya kupanga kompyuta. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuzifunga na kupima.

Fundi wa hedi (Arusha)

Ndugu, aliyekuambia utapata nguvu ya chini na ya juu kwa pamoja hakukueleza kazi ya kifaa chenyewe. Gia hizi haziongezi urefu wa muda ambao valvu inakaa wazi, wala haziongezi kina inachoshuka. Zinahamisha tu wakati wa tendo lote, mbele au nyuma. Ukitanguliza kemshafti ya inteki, valvu inafunga mapema, hewa hairudi nyuma pistoni inapopanda, na injini inavuta vizuri zaidi katika mizunguko ya chini. Ukiichelewesha, unapeleka uvutaji huo juu. Kwa hiyo ukiongeza upande mmoja, mara nyingi unalipia upande wa pili.

Kwenye injini yenye tabo kuna jambo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi, nalo ni mpishano, yaani kile kipindi kifupi ambacho valvu ya inteki na ya ekzosi ziko wazi kwa pamoja. Kama presha ndani ya manifoldi ya ekzosi inazidi ile ya inteki, moshi moto hurudi kwenye silinda na kuingia hata kwenye njia ya inteki, mchanganyiko unapata joto, na injini inaanza kugonga mapema (mchanganyiko kulipuka wenyewe). Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa tabo ndogo zinazosukumwa kupita kiasi chake, na hapo mpishano mwingi ni hasara. Tabo kubwa yenye nyumba pana ya tabini (gurudumu linalozungushwa na moshi) inaweza kukupa hali ya kinyume, presha ya inteki ikawa sawa au zaidi, na hapo mpishano husafisha silinda vizuri. Watu wawili wenye 1JZ na gia zile zile wanaweza kuzizungusha kwa digrii zile zile, mmoja akafurahi na mwingine akaharibu gari.

Kabla hujanunua chochote, pima. Chomelea nati ndogo kwenye manifoldi ya ekzosi kabla ya tabo, funga bomba jembamba la shaba lenye urefu wa nusu mita au zaidi, ulizungushe mviringo kama springi ili lipoe, kisha mpira uende kwenye geji. Endesha gari kwa presha kamili, msaidizi asome geji zote mbili. Nilifanya hivyo kwenye Mark II ya mteja iliyokuwa na tabo za kiwandani, tukakuta baa 1.0 upande wa inteki na karibu baa 1.9 upande wa ekzosi. Gari ile ilikuwa inaomba tabo nyingine, na gia zisingeisaidia kitu.

Nina swali moja kwako: hedi (kichwa) ya injini hiyo imewahi kuskimiwa, yaani kuparuzwa ili uso wake unyooke?

Dereva wa mbio (Nairobi)

Nakubaliana na fundi, ila naongeza upande wangu kwa sababu mimi nimeona faida. Gari langu ni Lancer Evolution yenye injini ya 4G63, na nilifunga kemshafti za digrii 272. Kemshafti zenye muda mrefu namna hiyo zina mpishano mkubwa, na zilipofungwa kwenye alama za kiwandani injini ilikosa utulivu ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na ilichelewa kujenga presha. Tulipoipeleka kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) tukaitanguliza ekzosi kidogo kidogo, na ile ya inteki tukaichelewesha digrii moja moja, tukipanga upya mafuta na mwasho kila mara. Nilipata nguvu ya katikati ambayo dereva wa barabara ya vumbi anaihitaji kuliko namba kubwa ya juu. Kwa kemshafti zilizobadilishwa, nasema bila kusita: gia hizi nunua. Kwa kemshafti za kiwandani, sina hakika kama ningetoa fedha yangu.

Jambo la hatari ni boliti. Gia ya aina hii ni vipande viwili, pete yenye meno na kitovu, vinavyoshikiliwa na boliti ndogo kupitia matundu marefu. Karakana iliyonifungia mara ya kwanza haikuzikaza kwa spana ya kipimo. Zililegea, kemshafti ikateleza, na kwenye 4G63 valvu na pistoni hukutana. Nilisikia mlio mmoja tu, kama mtu aliyegonga sufuria, kisha kimya. Tulipofungua tulikuta valvu 8 zimepinda.

Mwenye Chaser (Dar es Salaam)

Nawashukuru sana. Kuhusu swali la fundi, ndiyo, hedi iliskimiwa mwaka juzi baada ya gasketi kuungua, na aliyeifanya kazi hiyo hakuniambia ametoa kiasi gani. Jana tumeipima: imepungua milimita 0.6, na gasketi ya chuma niliyofunga ni nyembamba kuliko ya zamani kwa milimita 0.3 hivi. Je, hiyo inahusika?

Fundi wa hedi (Arusha)

Inahusika, na ningependa kila anayeskimu hedi ya injini yenye mkanda aelewe hili. Kemshafti zako zimesogea karibu na krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kwa milimita 0.9. Upande wa mkanda unaovuta umekuwa na urefu wa ziada, tenshona (kikaza mkanda) imeuvuta ulegevu huo upande wake, na kemshafti zote mbili zimerudi nyuma, yaani zimechelewa. Tuseme gia ina nusu kipenyo cha milimita 60: milimita 0.9 ni karibu digrii 0.86 za kemshafti, na kwa kuwa krenki inazunguka mara mbili wakati kemshafti inazunguka mara moja, hizo ni karibu digrii 1.7 za krenki. Mkanda hauwezi kukurekebishia kiasi hicho, kwa sababu kwenye gia ya meno 48 kuruka jino moja tu ni digrii 15 za krenki. Kwa hiyo kwako gia zina kazi halali ya kuzirudisha kemshafti zilipotakiwa kuwa.

Lakini sitaki ukategemee muujiza. Digrii 1.7 hazitaondoa uzito wote unaousikia. Injini ya sentimita za ujazo 2,492 yenye mgandamizo wa 8.5 kwa 1 na tabo ya ukubwa huo itasubiri presha hata kemshafti zikae sawasawa kabisa. Mkanda ubadilishe kwanza, kwa sababu ukikatika hakuna gia itakayokusaidia. Ukibakiwa na fedha, nunua gia, na kazi ya mkanda na ya gia zifanyike siku moja ili usilipe ufundi mara mbili.

Siku hiyo usiamini alama zilizochongwa kwenye gia. Toa plagi zote, zungusha krenki kwa mkono kwa soketi ya 22, na utafute kilele halisi cha pistoni ya kwanza: weka kizuizi kwenye tundu la plagi, zungusha taratibu hadi pistoni iguse, soma diski ya digrii, zungusha upande wa pili hadi iguse tena, kilele kiko katikati ya namba hizo mbili. Kisha simamisha dial geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) juu ya tepeti ya inteki (kikombe ambacho kemshafti hukisukuma ili kufungua valvu), tafuta mahali valvu imeshuka kabisa, na usome digrii za milimita moja kabla na milimita moja baada ya hapo. Katikati yake ndipo kitovu cha kemshafti. Rudia kwa ekzosi. Tepeti za 1JZ ni za ndoo zenye shimu (visahani vya kurekebisha nafasi), kwa hiyo kipimo hakidanganyi kama kwenye injini zenye tepeti za mafuta, zinazojirekebisha zenyewe kwa presha ya oili.

Anza na vitovu vya kiwandani, kisha tanguliza inteki digrii 2 za krenki, upime kwenye daino, halafu 2 nyingine. Soma maelezo ya gia yenyewe, kwa maana nyingine zimeandikwa digrii za kemshafti na nyingine za krenki. Na kama kihisi kinachoipa kompyuta ishara ya mwasho kinazungushwa na kemshafti uliyoisogeza, mwasho nao umehama. Weka taa ya taimingi kabla hujakanyaga mafuta.

Mwenye Chaser (Dar es Salaam)

Nimeelewa, fundi. Mkanda na tenshona nimeshaagiza, na kesho nachomelea nati ya kupimia presha ya ekzosi. Nitaleta namba zote mbili hapa kabla sijalipia gia.