Kuunganisha shule za vijijini Marekani: njia ya Arkansas, Vermont au Iowa?

Mzazi wa Iowa: Wenzangu, bodi ya wilaya yetu ya shule (eneo dogo linalosimamia shule zake lenyewe) inafikiria kulifunga jengo la shule ya msingi la mji wetu mdogo, ili watoto wasome katika jengo moja kubwa pamoja na wa mji jirani. Nimesoma njia za majimbo matatu. Arkansas, kwa Sheria Na. 60 ya 2004, iliamuru wilaya yenye wanafunzi chini ya 350 kwa miaka miwili mfululizo iunganishwe na nyingine, ingawa mwaka 2015 wilaya ziliruhusiwa kuomba kusamehewa sharti hilo. Vermont, kwa Sheria Na. 46 ya 2015, ilitanguliza nafuu ya kodi kwa wilaya zitakazoungana kwa hiari, ikilenga kila wilaya mpya iwe na wanafunzi wasiopungua 900. Hapa Iowa wilaya mbili zaweza kuwekeana mkataba, moja ifundishe madarasa ya chini na nyingine ya juu, kila moja ikibaki na bodi yake. Ipi inawafaa watoto?

Mhasibu: Ndugu yangu, tenganisha kuunganisha ofisi na kuunganisha majengo. Ukibaki na mkurugenzi mmoja, hesabu moja na manunuzi ya pamoja, unaokoa fedha bila mtoto kuhamishwa. Ukifunga jengo, unapunguza gharama za paa na mitambo ya kupasha joto, lakini unaongeza mabasi, mafuta na madereva, ambao vijijini hawapatikani kirahisi.

Mwalimu mstaafu: Nakubaliana na Mhasibu kwa shule ya msingi, si kwa sekondari. Mahali penye wanafunzi kumi na watano kwa kidato, mwalimu mmoja hubeba fizikia, kemia na biolojia, na hisabati ya juu haifundishwi kabisa. Ndiyo maana mwaka 1959 James Conant, aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipendekeza sekondari iwe na wahitimu wasiopungua 100 kwa mwaka. Kijana wa miaka kumi na sita anastahili maabara ya kweli, hata ikiwa mbali.

Mama Neema, West Virginia: Umbali huo, Mwalimu, tunaujua sisi wa milimani. Mwongozo wa jimbo unataka safari isizidi dakika 30 kwa wa msingi, 45 kwa wa shule ya kati na 60 kwa wa sekondari, lakini wapo wanaokaa ndani ya basi zaidi ya hapo. Januari mtoto husimama barabarani gizani, kwenye barafu, na jioni hukosa mazoezi kwa sababu basi ni moja tu.

Mkazi wa Vermont: Hiari yetu nayo ilikuwa na mwisho, kwani mwaka 2018 Bodi ya Elimu ya Jimbo iliziagiza wilaya kadhaa zilizokuwa zimekataa ziungane. Usomeni vizuri mkataba wa muungano, hasa kifungu kinachosema nani ana kura ya kufunga jengo: wakazi wa mji wenye shule hiyo, au bodi mpya peke yake.

Mzazi wa Iowa: Ahsanteni sana. Nitapendekeza mkataba wa kugawana madarasa kwa sekondari pekee, wadogo wabaki hapa mjini. Pia nitaiomba bodi, kabla ya kura, itoe ratiba ya kila basi ikionyesha saa anayochukuliwa mtoto wa kwanza.