Naomba ushauri: michoro ya zamani ya majagi ya London, nipate vipi vipimo?

Habari zenu wakuu, niko Uingereza nasoma akiolojia na nimekwama. Nafanyia kazi michoro ya karne ya 19 ya vyombo vya udongo vya zama za kati vilivyofukuliwa London, enzi zile wanachimba mitaro ya majitaka na vibarua wanaviuza kwa watu kama Charles Roach Smith, yule muuza dawa ambaye mkusanyiko wake British Museum waliununua 1856.

Sasa michoro yenyewe ni mizuri mno, unaona jagi lenye glezi (ule mpako unaong'aa kama kioo) ya kijani imechuruzika hadi tumboni, na kwenye kitako alama za vidole gumba vya mfinyanzi zimezunguka kote, lakini mingi haina skeli wala haionyeshi unene wa ukuta. Siku hizi tunachora nusu chombo kama kimekatwa na nusu kwa nje, basi ukiwa na mchoro unajua kila kitu. Hii ya zamani mchoraji anaweza kuwa amenyoosha jagi lililopinda, utajuaje?

Msimamizi wangu anataka niiache michoro hii nibaki na vigae tu, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika. Mimi naona ni hasara kubwa, maana kuna chombo kimeshapotea na mchoro ndio ushahidi pekee uliobaki.

Waliowahi kuchora vigae vya Kilwa au kwingine, nikikadiria ukubwa kwa kulinganisha na majagi mazima ya aina hiyohiyo yaliyopo makumbusho itakubalika kweli? Na mchoro bila kipimo niuweke kwenye jedwali au kiambatisho?